Mshambuliaji Tuliyembadilisha kwa Kipa na Mtamba

Jenerosa mwanangu,

Mama yako ameshakwambia habari ya blanketi, habari ya kutokula chakula cha stendi, na habari ya wanaume. Hiyo ya mwisho ameirudia mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi hapo sina la kuongeza. Katekista naye atakuja kesho kukuombea pale barabarani, namjua, hawezi kuacha gari la Ngara liondoke na mtoto wa Nyakahura bila kumwekea mkono kichwani. Kwa hiyo na hilo nimeliacha.

Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili tulipotoka kanisani. Umewasikia wazee pale nje wakibishana, kama wanavyobishana kila mara wakikosa la kuzungumza. Mmoja anasema Nyakahura tulipunjwa, mwingine anasema waliopunjwa ni Nyamahanga, na mwishowe wakamalizia kwa kunigeukia: "Muulizeni Mzee Gabriel, ndiye aliyeamua." Njiani ukaniuliza, "Baba, ile biashara ya Evarist ilikuwa ya haki?" Nikakwambia nina haraka, kuna ng'ombe anakaribia kuzaa. Hakuna ng'ombe anayekaribia kuzaa, na wewe unawajua ng'ombe wetu kuliko mimi. Uliniacha nitangulie. Nilikushukuru, na niliona aibu pia.

Najua unamkumbuka kidogo. Ulikuwa hujaanza shule. Ulimwita Kaka Eva, na ulidhani ni mtoto wa shangazi yako wa Ngara kwa sababu ndivyo tulivyowaambia watu wote. Hakuwa mtoto wa shangazi yako. Alikuwa Mrundi, kijana wa kama miaka kumi na nane, aliyevuka mpaka pamoja na wale wengi waliokimbia vita, akakaa kambini muda mfupi, halafu akatoka bila kibali akitafuta kibarua. Alinikuta mnadani nikihangaika na dume lililokuwa limekata kamba. Alilishika pembe, akaliambia maneno fulani, likatulia. Nikamwuliza kama ana pa kulala. Akasema, "Ego," ndiyo ya kwao, "mzee, nalala popote." Nikamleta nyumbani.

Kihangaza chetu na Kirundi chao vinakaribiana mno, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa kumfanya mpwa wangu. Akikosea neno, tulisema ndivyo wanavyosema huko kwao Ngara juu, na watu wa Nyakahura, ambao nusu yao ni Wasubi na nusu hawajali, walikubali. Wakati ule kukaa na mkimbizi asiye na kibali lilikuwa kosa. Mgambo walikuwa wakipita vijijini, na aliyekutwa alirudishwa kambini au kupelekwa kokote walikopelekwa. Nililijua hilo, na nilimkaribisha hivyo hivyo. Nataka ulijue hili pia, kwa sababu yatakayofuata yote ni mabaya, na baba yako hakuanza kwa ubaya.

Mpira aliujua. Sijui alijifunzia wapi, hakuwahi kutuambia habari za kwao, na sisi hatukuuliza sana. Kitu alichokuwa nacho ni kupokea. Winga anaweza kuupiga mpira hovyo, juu, ukiwa unazunguka na upepo, na beki wawili wako mgongoni mwake. Yeye anaruka, anautuliza kifuani, ukifika chini tayari ameshageuka. Mwalimu Fabian, aliyekuwa akiifundisha timu yetu, alisema angekuwa na watu wawili kama yule angefunga shule akafundishe mpira tu.

Lakini alikuwa na matatizo. Akifunga goli, watu wakavamia uwanja kushangilia kama ilivyo desturi yetu, yeye alikimbia. Si kukimbia kwa furaha. Alikimbia kuokoa roho yake. Alivuka uwanja, akavuka mashamba ya mihogo, akapotelea porini, na sisi tukamaliza mechi tukiwa kumi. Alirudi kesho yake, miguu imechanika, hataki kuangaliwa. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili hawakucheka tena, kwa sababu tulifungwa. Mara nyingine mchezaji mwenzake alimkumbatia kwa nyuma baada ya goli, Evarist akageuka akampiga ngumi ya mdomo mpaka jino likatoka. Refa akamtoa. Nani amewahi kusikia mtu anapewa kadi nyekundu kwa kumpiga mtu wa timu yake aliyekuja kumpongeza?

Na kuna jambo lililotokea hapa nyumbani. Alikuwa amechuchumaa anachonga mpini wa jembe, wewe ukamrukia mgongoni kama ulivyozoea kunirukia mimi. Alikushika mkono, akaubana. Alipoona ni wewe alikuachia, akaketi chini akawa anatetemeka kuliko wewe. Mkono wako ulivimba siku kadhaa. Mama yako ndiye aliyekukanda. Hukufanya kosa lolote, usije ukalibeba hilo. Yeye pia hakufanya kosa. Lakini tangu siku hiyo nilianza kutamani aondoke, na sikumwambia mtu yeyote.

Ndipo wakaja watu wa Nyamahanga. Kiongozi wa timu yao alikuwa Mzee Rashidi, Mwislamu wa pale pale, mpole, anayesikiliza mpaka unaanza kuona maneno yako mengi mno. Walikuwa na kipa mzuri, Deo, na hawakuwa na mtu wa kufunga. Sisi tulikuwa na mfungaji aliyetushinda, na golini tulikuwa na kijana aliyeogopa mpira. Wakasema, tupeni Evarist, tutawapa Deo, na juu yake mitamba wawili wa kufuga, timu iwe na mali yake. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka. Sisi hatukuona cha ajabu. Vitu vingapi hapa kwetu havijawahi kubadilishwa kwa ng'ombe?

Kwa kuwa kulikuwa na ng'ombe, wakanitafuta mimi nisimamie. Unajua kazi yangu mnadani, na unajua jina nililo nalo. Nikisimama kati ya watu wawili wanaobadilishana mifugo, kamba haihami mkono mpaka nimesema kasoro zote kwa sauti, mbele ya watu. Huyu anapiga teke. Huyu chuchu moja haitoi. Huyu anaruka ua. Aliyesikia akikubali, amekubali, hawezi kurudi wiki ijayo kulia. Ukificha kasoro moja ikajulikana, mnyama anarudi na jina lako limekwisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu, na hivyo ndivyo nimewalisha ninyi. Sijawahi kurudishiwa ng'ombe.

Tulikutana uwanjani, timu zote mbili na watu wengi waliokuja kutazama. Wale mitamba walifungwa kwenye nguzo ya goli. Deo alikuwa amesimama upande wao, Evarist upande wetu. Nikaanza na mitamba, mmoja alikuwa na kovu la kupe sikioni, nikalisema. Nikaenda kwa Deo. Baba yake mwenyewe alisema anadaka vizuri lakini hapendi kuamka mapema, watu wakacheka, Deo naye akacheka. Kisha nikafika kwa Evarist.

Mwanangu, nilizisema zote. Nilisema anakimbia watu wakivamia uwanja. Nilisema usimguse kwa nyuma. Nilisema halali ndani ya nyumba, analala zizini kando ya ng'ombe, na hupiga kelele usingizini. Nilisema aliumiza mkono wa mtoto wangu. Yeye alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwangu, anaangalia kiatu chake. Watu walikuwa kimya, na mimi ule ukimya niliupenda, kwa sababu ndio ukimya wa mnadani watu wanapojua kwamba dalali hafichi. Nikaona bado moja. Nikawaza: hawa wakija kugundua baadaye watasema Gabriel alituuzia kitu chenye kasoro kubwa akanyamaza. Nikasema, "Na jambo la mwisho. Si mpwa wangu. Ni mkimbizi, na hana kibali."

Mzee Rashidi aliinamisha kichwa. Nilidhani anapima bei. Nikaendelea kama fundi wa kazi yake: nikasema kwa kasoro zote hizo, mitamba wawili ni wengi, chukueni mmoja mrudi naye, mmoja anatosha. Watu wa Nyamahanga wakapiga makofi. Hata watu wetu wakapiga makofi, ingawa nilikuwa nimewapunguzia mali, kwa sababu kila mtu aliona haki imetendeka. Mwalimu Fabian alinishika mkono akasema, "Mzee, kama serikali ingekuwa inaamua hivi!" Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kabla hatujaachana Mzee Rashidi alinivuta kando. Akaniambia taratibu, "Hilo la mwisho ungeninong'oneza."

Nikamjibu, "Haki hainong'onezwi, mzee mwenzangu."

Nililiona jibu zuri sana. Nililirudia kwa mama yako wakati tunakula, naye akaniuliza kama nataka mboga zaidi.

Yule mtamba aliwekwa kwenye zizi letu kwa niaba ya timu. Ndiye Bihogo. Timu ilipovunjika hakuna aliyekuja kumdai, na maziwa uliyokunywa mpaka ukamaliza shule ni ya kwake na ya watoto wake. Kwa hiyo wanaposema mimi nilisimamia tu na sikupata kitu, wanakosea, nami sijawahi kuwasahihisha.

Huko Nyamahanga Evarist alinyooka. Nilikwenda siku moja kutazama mechi, nikajifanya nimefuata ng'ombe. Mzee Rashidi alikuwa amezungusha kamba ya katani uwanja mzima, akawaambia watu wa kijiji chake: tukifunga, shangilieni mkiwa nyuma ya kamba, atakayevuka atanijibu mimi. Evarist akapokea mpira wa kona, akafunga. Watu wakapiga kelele, vigelegele, wanawake wanacheza, lakini hakuna aliyevuka. Yeye alisimama katikati ya uwanja, mabega juu, nikaona anatafuta pa kukimbilia. Kisha mabega yakashuka. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye kamba, pole pole, akampa mkono mtu mmoja, akampa mwingine. Nililia, Jenerosa. Nilisema ni vumbi.

Kumbe dawa ilikuwa kamba. Mimi ninaziuza kamba, ninazisokota kwa mikono yangu, na haikunijia akilini hata siku moja. Yote niliyoyasema kuwa ni kasoro, yule mzee aliyasikia kama maelekezo ya namna ya kukaa na mtu. Maneno yalikuwa yale yale, yalitoka mdomoni mwangu.

Kisha Nyamahanga wakaja kucheza na sisi hapa Nyakahura. Hiyo mechi ndiyo wazee wanaibishania, na wote wanasimulia kipindi cha kwanza tu. Evarist alitufunga mawili. Deo aliruka mpaka akagonga mwamba, hakuona kitu. Watu wetu walikuwa na hasira, na mmoja wao, ambaye alikuwepo siku ile na alinisikia, alipanda baiskeli akaenda kwa mgambo. Sitakutajia jina lake. Amekwisha kufa, na hata angekuwa hai, alilisema lile alilolipata kwangu.

Mgambo walikuja wakati wa mapumziko na lori. Ndani tayari kulikuwa na watu waliookotwa vijiji vingine, na mizigo yao. Evarist alikuwa amekaa chini anakunywa maji. Hakukimbia. Huo ulikuwa wakati pekee ambao angepaswa kukimbia, na hakukimbia, nadhani kwa sababu alikuwa ameshaanza kuzoea kukaa. Mkubwa wao hakuwa mtu mbaya. Alionekana amechoka, hakutaka maneno. Akauliza kwa sauti, "Kijana huyu ana ndugu hapa? Kama ana ndugu raia, ajitokeze, tumalize."

Mzee Rashidi akajitokeza. "Ni mchezaji wangu, afande."

"Mchezaji si ndugu. Nauliza ndugu."

Mzee Rashidi akageuka akaniangalia. Na watu wote wakaniangalia. Yule mkubwa akafuata macho yao, akanijia. "Mzee, nasikia alikuwa kwako. Wewe ni mjomba wake?"

Neno moja tu lilitakiwa. Kwa miaka miwili nilikuwa nimelisema kila siku bila kufikiri, kwa mjumbe, kwa mwenyekiti, kanisani. Lakini sasa nilikuwa nimezungukwa na watu walioniona nikiapa kinyume chake kwenye uwanja ule ule, na nikawaza, nikisema ndiyo, nani ataniamini tena mnadani? Niliwaza hivyo kweli. Sikuwaza kufungwa, ingawa ningeweza kufungwa. Niliwaza jina langu. Nilifungua mdomo, nikawa natafuta namna ya kusema ambayo isingekuwa uongo.

Evarist akasimama. Akasema, "Simjui huyo mzee. Huwa namwona mnadani tu."

Alisema kwa Kiswahili, vizuri, kila mtu asikie. Yule mkubwa akaridhika, akaondoka mbele yangu. Kijana akajisogeza mwenyewe mpaka kwenye lori.

Hapo ndipo unapoingia wewe. Ulikuwa umesimama kando yangu, nimekushika mkono, na ulipoona anapanda ulianza kumwita. "Kaka Eva! Kaka Eva!" Sauti yako ilikuwa kubwa mno kwa mtoto mdogo. Yule mkubwa akaanza kugeuka. Na mimi nikakuziba mdomo. Nilikubana kwa kiganja hiki ninachoandikia, nikakushikilia hivyo mpaka lori likapinda kwenye kona ya Nyamahanga, na ulipoachiwa hukulia, uliniangalia tu. Evarist alikuwa ameshakuona. Alikuwa ameinua mkono kukuaga, halafu akaushusha haraka, ili wasijue unamwita nani.

Mara kadhaa umemwambia mama yako kwamba una ndoto ya kuzibwa pumzi, na yeye akakupa dawa za mitishamba. Si ndoto, mwanangu. Ni mimi.

Nilisikia baadaye kwamba wale wa lori lile walivushwa mpaka, wakarudishwa kwao. Wapo waliofika, wapo ambao hawakufika, na wapo waliovuka tena wakarudi makambini Ngara. Mzee Rashidi alikwenda kumtafuta mara mbili kabla hajafa. Mimi sikwenda hata mara moja. Ni mwendo wa nusu siku kwa gari, na nimesafiri mbali zaidi ya hapo kwa ajili ya ndama.

Sasa nijibu swali lako. Ilikuwa haki kwa Nyakahura na ilikuwa haki kwa Nyamahanga. Nimeipima miaka yote hii na sioni nilipopunja upande wowote. Wazee wataendelea kubishana na hawatapata. Lakini uwanjani pale palikuwa na watu watatu, si wawili, na wa tatu nilimsema kama vile hasikii. Nikamlipisha ukarimu wangu wote siku moja kwa kumvua nguo mbele za watu, na kijana niliyemfanyia hivyo ndiye aliyesema uongo kuniokoa. Sina la kujitetea. Nimejaribu.

Kesho unakwenda kukalimani kwenye ofisi inayowaandikisha wakimbizi wanaotaka kurudi kwao na wasiotaka. Utakaa kati ya mtu na meza, na maneno ya watu yatapita kwako. Kuna siku utaulizwa, "Huyu amesemaje, ana matatizo gani?" na yeye atakuwa amekaa hapo, anaangalia kiatu chake. Sikuambii useme uongo. Kazi yako sijaisomea. Nakwambia tu kwamba mimi nilisema kweli tupu, kwa sauti, na watu wakanipigia makofi, na ikatokea haya.

Wala sikutumi unipelekee msamaha kwake. Nilitaka kukutuma, nimeandika karatasi nyingine kabla ya hii nikaichana, kwa sababu niliona nakufanya ubebe mzigo wangu tena. Lakini macho yako hayawezi kuacha kutafuta, nakujua. Atakuwa mtu mzima sasa, pengine ana mvi, pengine anachechemea. Pengine hayupo kabisa. Kama siku moja utamwona kwenye foleni, usiende kumwuliza jina, wala usimsogelee kwa nyuma.

Simama ulipo, umwite kama ulivyokuwa unamwita. Mwite kwa nguvu zote, mbele ya watu wote, mpaka aitike.

Baba yako,
Gabriel